Sura ya Saba: Kingolwira Shusha!

Jioni ya tarehe 23 Desemba basi la kutoka Dar es Salaam halisimami Kingolwira kwa hiari. Dereva anaiwaza stendi ya Msamvu mjini Morogoro, abiria wengi wanaiwaza Dodoma, Iringa au Mbeya, na kwao hapa ni mahali pa kuamka usingizini na kuuliza kama Morogoro bado. Anayeshuka hana budi kupaza sauti mapema, pengine tangu Mikese: "Kingolwira shusha!" Konda anagonga bodi mara mbili, gari linapunguza mwendo, utingo anaruka chini kabla halijasimama sawasawa, na buti linafunguliwa upande wa mtaro huku malori ya mizigo yakipita kwa kishindo upande wa pili.

Siku moja ya namna hiyo nilikuwa nimesimama kwenye meza ya mama mmoja anayeuza maembe kando ya barabara. Aliyeshuka alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu. Alishushiwa godoro lililokunjwa na kubanwa kwa kamba ya katani, ndoo ya plastiki yenye mfuniko, na begi la mgongoni lililojaa hadi zipu imegoma. Mfuniko wa ndoo ulikuwa umefungwa kwa kipande cha mpira wa baiskeli. Waendesha bodaboda wawili walipoanza kuugombea mzigo, mpira ukafyatuka na sote tukaona: sukari, miche ya sabuni, majani ya chai, na doti ya kanga ambayo bado ilikuwa imekunjwa kama ilivyotoka dukani. Akafunika upesi, kama mtu aliyechunguliwa chumbani. Mama wa maembe hakuuliza kitu. Alimtazama mpaka bodaboda ikakata kona, ndipo akasema, "Amekuja. Mwaka jana hakuja huyu. Leo mama yake atalala."

Maneno hayo machache ndiyo yaliyonifanya niandike sura hii. Kalenda ya ukutani husema mwaka umekwisha usiku wa tarehe 31. Mama yule wa maembe anauhesabu kwa vichwa: nani amefika, nani bado, nani hajaonekana tangu mwaka juzi. Hesabu yake isipotimia, mwaka wake haujafungwa. Nimeishi kando ya barabara hii muda wa kutosha kuamini kwamba yeye ndiye anayehesabu sawa, na kwamba safari yenyewe, pamoja na foleni ya Chalinze, nauli na godoro juu ya bodaboda, ndiyo ibada ya kwanza ya sikukuu.

Kingolwira ni kata ya Manispaa ya Morogoro, upande wa mashariki kabla ya kuingia mjini. Wengi wanaijua kwa gereza na mashamba yake. Mimi naijua kama shingo ya chupa. Ukitazama kusini magharibi unaiona Milima ya Uluguru imejifunika mawingu, vilele vyake vya juu vikipita mita 2,600. Huko ndiko kunakotoka maji ya Mto Ruvu yanayonywewa Dar es Salaam. Milima hiyo haikupisha njia, kwa hiyo njia nyingi za kutoka pwani kwenda bara zimelazimika kuizunguka. Misafara ya wapagazi ilipita ukanda huu karne ya kumi na tisa. Stanley alipokuwa akimtafuta Livingstone mwaka 1871 aliukuta mji wa chifu Kisabengo, ulioitwa Simbamwene, umezungushiwa ukuta, karibu na ilipo Morogoro ya leo. Kisha Wajerumani wakaanza kulaza reli kutoka Dar es Salaam mwaka 1905. Ilifika Morogoro 1907 na Kigoma 1914. Ikaja lami. Na tangu tarehe 14 Juni 2024 kuna treni ya umeme, ambayo kati ya Ngerengere na Morogoro haisimami popote. Abiria wake anafika Morogoro chini ya saa mbili, hajapata nafasi hata ya kununua embe.

Wapagazi wa Kinyamwezi walikuwa na kalenda yao. Walishuka pwani baada ya mavuno, nchi ikiwa kavu, na walitaka kurudi makwao kabla mvua hazijakolea, maana jembe lilikuwa linawasubiri. Tajiri aliyetaka kuondoka na msafara wakati watu wanawaza kupanda alipata shida ya watu. Utani wa makabila mengi ya njia hii, ule unaomruhusu mtu kumtania mwenzake hata msibani, ulipata nguvu katika safari hizo za miguu, watu wasiojuana walipolazimika kulala moto mmoja na kuzikana njiani. Ukipanda basi la Desemba utausikia ungali hai. Mgogo na Mhehe wakikaa kiti kimoja, gari zima litacheka hadi Msamvu.

Nilipoanza kusoma kuhusu watu wengine wanaofunga mwaka kwa safari, nilitua Vietnam na nikakaa huko kuliko nilivyopanga. Nchi hiyo haiko mbali nasi kama ramani inavyosema. Kampuni yake ya Viettel ndiyo iliyotuletea Halotel mwaka 2015. Korosho zetu za Mtwara na Lindi, zinazovunwa kuanzia Oktoba, sehemu kubwa huuzwa ghafi nje, na Vietnam ni mmoja wa wanunuzi wakubwa. Huko hubanguliwa na kuuzwa tena duniani. Nyumba ya Kivietnamu wakati wa mwaka mpya huweka sahani ya mbegu na njugu za kutafuna kwa ajili ya wageni, na korosho hazikosi. Sioni ajabu kama baadhi yake ziliota Masasi.

Mwaka wao mpya huitwa Tết Nguyên Đán, kwa kifupi Tet, na hufuata mwezi. Mwaka 2025 uliangukia tarehe 29 Januari, mwaka 2026 tarehe 17 Februari. Msomaji Mwislamu atauliza mara moja: mbona haukimbii nyuma kama Ramadhani? Swali zuri. Mwaka wa Hijria ni wa mwezi mtupu, kwa hiyo kila mwaka unarudi nyuma kwa siku kama 11, na Idi inazunguka misimu yote, leo masika, kesho kiangazi. Wavietnamu hufuata mwezi pia, ila wakiona umeachana sana na jua huongeza mwezi wa kumi na tatu, karibu kila miaka mitatu. Hivyo Tet haitoki nje ya Januari na Februari, na mkulima wa mpunga haupotezi msimu wake. Pwani yetu nayo ilikuwa na hesabu yake ya tatu, ambayo tumeisahau kwa haraka inayoniumiza: mwaka wa Nairuzi, wenye siku 365 kamili, uliogawanywa katika miongo ya siku kumi kumi. Manahodha walihesabia pepo kwa huo, wakulima mvua. Kwa kuwa hauongezwi siku ya mwaka mrefu, unateleza siku moja kila miaka minne. Jina lake limetoka Uajemi. Siku yake kuu bado inafanyika Makunduchi, kusini mwa Unguja, mwezi Julai: Mwaka Kogwa.

Lakini turudi kwenye safari. Wavietnamu wana neno moja la kwenda nyumbani kwa Tet, về quê, yaani kurudi kijijini kwa asili, na hulitumia hata yule aliyezaliwa mjini na ambaye kijiji anakijua kwa babu yake tu. Siku za kuelekea Tet miji ya Hanoi na Ho Chi Minh humwagika. Wafanyakazi wa viwandani kusini hurudi mikoa ya kati na kaskazini kwa reli inayounganisha miji hiyo miwili, kilomita 1,726, safari ya zaidi ya saa 30, na tiketi zake huanza kuuzwa miezi kadhaa kabla. Wasiopata treni hupanda basi, na wasiopata basi huwasha pikipiki, baba mbele, mama nyuma, mtoto katikati, na nyuma kabisa mti mzima wa maua umefungwa kwa kamba: maua ya mpichi kaskazini, maua ya njano ya mai kusini. Mtu wa Kingolwira aliyekwisha kuona godoro la futi nne likipita juu ya bodaboda hahitaji kuelezwa picha hiyo.

Kufika mapema kuna sababu. Wiki moja kabla ya mwaka kugeuka, tarehe 23 ya mwezi wa kumi na mbili kwa hesabu ya mwezi, mungu wa jiko wa kila nyumba huondoka kwenda mbinguni kutoa taarifa ya yale aliyoyaona mwaka mzima. Husafiri amepanda samaki aitwaye karpi, ndiyo maana watu huachia samaki hai ziwani au mtoni siku hiyo. Kilichonisimamisha niliposoma ni umbo la mungu huyo. Hadithi inasema ni watu watatu, mwanamke na waume wawili, waliokufa motoni pamoja wakageuzwa kuwa mawe matatu ya kutegeshea chungu. Mafiga. Mafiga yetu yale yale, ambayo wahenga wetu nao walijua kwamba likitoka moja chungu hakikai. Sijui bibi wa Kiluguru aliyepikia kwenye mafiga miaka sabini angesemaje akiambiwa kwamba yamekuwa yakimsikiliza muda wote huo, lakini nadhani asingeshangaa sana.

Kisha chakula. Wavietnamu hawasemi wanasherehekea Tet; husema wanaila. Nasi ndivyo tunavyosema. Mtu anakuuliza, "Krismasi unakulia wapi?" na anachotaka kujua ni utakuwa kwa nani. Chakula chao kikuu ni bánh chưng: mchele unaonata, katikati choroko zilizopondwa na nyama ya nguruwe yenye mafuta, vyote vikafungwa kwa majani mapana mpaka vitoe umbo la mraba, vikabanwa kwa kamba za mwanzi. Kusini hutumia majani ya mgomba na kuviringisha kama gogo. Huchemshwa usiku mzima, saa kumi au zaidi, kwenye sufuria kubwa juu ya kuni, na lazima mtu akae akiongeza maji. Zamu hiyo ya usiku ndiyo watu wazima wa huko wanayoikumbuka kwa machozi: watoto wamejifunika blanketi karibu na moto, babu anasimulia, moshi unaingia machoni. Hupiki usiku kucha kwa sababu ya njaa. Unapika ili waliotoka mbali wawe na sababu ya kukesha pamoja.

Asubuhi ya kwanza ya Tet hakuna anayefagia, bahati isije ikafagiliwa nje. Watoto hupewa noti mpya katika bahasha nyekundu, na watu huhangaika benki wiki nzima kutafuta noti ambazo hazijakunjwa. Mtoto wa Kiswahili aliyewahi kupokea mkono wa Idi anaijua furaha hiyo. Na wote huwa makini na jambo moja: nani atakuwa wa kwanza kuvuka kizingiti. Mgeni wa kwanza huiwekea nyumba mwaka wake, kwa hiyo familia nyingi hupanga mapema, humwomba jirani mwenye afya, moyo mweupe na mambo yaliyomnyookea apite asubuhi.

Makunduchi wanaijua habari ya mgeni, nao wameigeuza iwe pana zaidi. Siku ya Mwaka Kogwa wanaume wa pande mbili za mji hupigana kwa vigogo vya migomba, hasira za mwaka mzima zikatoka zikaishia hapo. Kibanda cha makuti huwashwa moto kikiwa na watu ndani, nao hutoka mbio. Moshi hutazamwa unakoelekea. Baada ya hapo ni kula, na asiyekuwa na mgeni mezani siku hiyo ndiye mwenye mashaka. Kwa hiyo mtu wa Mjini au wa Dar es Salaam aliyepita kutazama tu atavutwa mkono na kukalishwa. Mgeni njoo mwenyeji apone. Makunduchi msemo huo una tarehe yake.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo kwangu ndilo moyo wa sura hii. Wavietnamu wamepanga siku tatu za kwanza za mwaka: ya kwanza ni ya upande wa baba, ya pili ni ya upande wa mama, ya tatu ni ya mwalimu. Siku ya mwalimu imenigusa sana. Natamani nasi tungekuwa na siku ya kubisha hodi kwa yule aliyetushika mkono kuandika herufi ya kwanza, wakati bado yuko hai kutuitikia. Lakini tazama mpango wa siku mbili za mwanzo, baba kwanza, mama baadaye. Upande ambao safari inauelekea kwanza ndio unaomhesabu mtu kuwa wake.

Mpeleke sasa Mluguru katika mpango huo. Kwa desturi ya Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama. Lukolo lake, yaani ukoo wake, ni la mama, shamba la mlimani hufuata ukoo huo, na anayezungumza kwa niaba ya ukoo ni mjomba. Kwa hiyo kijana wa Kiluguru anayepakia ndoo yake Mbezi, Dar es Salaam, mwezi Desemba, akishukia Kingolwira au akiendelea hadi mjini na kupanda gari la Bigwa kwenda Mkuyuni, Kinole au Matombo, anapanda kwenda kwa mjomba. Baba yumo, anapendwa na ana heshima yake. Ila makaburi atakayosimama mbele yake na shamba ambalo siku moja ataulizwa kama analitaka, vyote viko upande wa mama. Siku yake ya kwanza ingekuwa ile ya pili ya Mvietnamu.

Nimewahi kuingia nyumba moja huko juu asubuhi ya mwaka mpya, mvua ya vuli imekatika na njia yote ni utelezi. Kijana alipiga magoti mlangoni. "Shikamoo mjomba." "Marahaba, mpwa wangu. Umepanda salama?" Mjomba hakuuliza habari za kazi, wala mshahara, wala lini ataoa. Alimwambia aende akaone mpaka wa shamba, kwa sababu mgomba mmoja wa alama ulikuwa umeanguka kwa upepo. Wakaenda wawili, mzee na fimbo yake mbele. Walirudi baada ya saa nzima, miguu imejaa tope jekundu, wakanawa kwa maji ya ndoo ile ile ya plastiki iliyotoka mjini, sasa haina sukari wala sabuni. Hapo ndipo chai ikaletwa.

Watu waliosoma mambo ya Uluguru wanajua uzito wa shamba huko. Mwaka 1955 serikali ya kikoloni ilipowalazimisha watu kuchonga matuta ya ngazi milimani, ilikuta upinzani uliogeuka kuwa ghasia. Mashamba hayo yalikuwa ya koo, yenye makaburi ndani yake. Mpwa asiyepanda mlima kwa miaka mitano anaweza kumaliza chuo kikuu na bado asijue mgomba upi ni wa mpaka. Na mjomba akifa, nani atamwonyesha?

Wapo wanaosema safari hizi ni hasara: nauli, zawadi, mapumziko yasiyopumzisha. Nimewasikiliza na siwadharau, maana najua mama wa nyumba anayeingia Januari na deni la ada. Shida kubwa ninayoiona mimi ni barabara. Kwa karibu miaka 30 mabasi yalikatazwa kusafiri usiku kwa sababu ya ajali, na ruhusa ilirejeshwa mwaka 2023. Sasa saa nane za usiku taa zinapita Kingolwira mfululizo. Nikisikia breki za hewa zikipiga kelele nakaa kitandani mpaka nisikie gari limeondoka tena. Wavietnamu nao hupoteza watu kila Tet, wengi wao wakiwa kwenye pikipiki. Tangu tarehe 15 Desemba 2007 sheria yao inamtaka kila mpanda pikipiki, katika kila barabara, avae kofia ngumu. Sheria yetu nayo inataka hivyo. Ninaomba dereva wa bodaboda wa Kingolwira anayembeba mtoto wa mtu na godoro lake awe na kofia ya pili, kwa sababu mahali fulani kuna mama ambaye bado hajalala.

Tarehe mbili na tatu za Januari upepo hugeuka. Shule zinakaribia kufunguliwa, na barabara ile ile inawarudisha watu pwani. Mizigo nayo imegeuka. Iliyoshuka ilikuwa sukari, sabuni na kanga; inayopanda ni mkungu wa ndizi uliofungwa kwa majani makavu, maembe kwenye sandarusi, mihogo, na kuku mmoja miguu imefungwa. Wavietnamu hurudi mjini vivyo hivyo, begi limejaa mchele, mboga na mayai yaliyofungwa na mama mmoja mmoja kwa karatasi, kana kwamba mjini hakuna soko.

Kijana wa godoro nilimwona tena siku hizo, amesimama ng'ambo ya barabara akipunga mkono kila basi. Matatu yalipita yamejaa. La nne likasimama. Konda alimtazama kuku, akamtazama kijana. "Huyo chini ya kiti, na asiniharibie gari." Ndoo ilikuwa mkononi, mfuniko wake umefungwa kwa mpira ule ule wa baiskeli, nzito safari hii kuliko alipokuja. Akaiingiza kwanza, kisha kuku, kisha yeye. Mama wa maembe alikuwa amekwisha kuvuka barabara na mfuko mdogo. Akampenyezea dirishani embe tano, akakataa pesa.

"Mwakani," akamwambia.

"Mwakani, mama. Nikijaliwa."